Kionjo cha Chungu Kisichopikwa

Miongoni mwa maswali ya zamani katika falsafa ya sanaa limo hili: msanii ana haki gani ya kumtia mwenzake hofu? Mwenye kuimba humburudisha msikilizaji, na mwenye kuchekesha humpa kicheko. Hao hawaulizwi sana. Lakini anayetisha humnyang'anya mtu kitu, yaani utulivu wake, na yampasa aeleze amekichukua kwa idhini ya nani. Swali hili limetufikia sisi walimu wa Kiswahili kwa njia ambayo waliotutangulia wasingeitazamia. Leo mwanafunzi mwenye simu ya mkononi anaweza kupiga picha, kuzikata, kuziunganisha na kuzitia muziki kwa jioni moja. Na tukimwachia achague kazi mwenyewe, mara nyingi atachagua kutengeneza kionjo cha filamu ya kutisha.

Kwa neno kionjo tunakusudia ile filamu fupi, ya dakika moja au mbili, inayotangaza filamu ndefu itakayokuja. Wako wasemao trela, nasi hatugombani nao, ingawa neno hilo hutukumbusha gari la mizigo. Kionjo kina hekima yake. Mpishi humtilia mtu mchuzi kidogo kiganjani, naye akauramba akajua chungu kina nini. Hekima hiyo ndiyo tutakayoifuata katika makala haya.

Zoezi lenyewe halikuanzia kwetu. Huko Uingereza, katika miaka ya 2010, bodi ya mitihani ya OCR iliwaruhusu wanafunzi wa Masomo ya Vyombo vya Habari, katika mwaka wa mwisho wa sekondari, kuchagua kazi ya kutangaza filamu mpya: watengeneze kionjo, pamoja na vitu viwili kati ya bango, jalada la jarida na ukurasa wa mtandao. Katika alama 100 za kazi hiyo, alama 20 zilikuwa za utafiti na mipango, 60 za utengenezaji, na 20 za tathmini ya mwanafunzi mwenyewe. Ugawaji huo wastahili kuangaliwa, kwa kuwa mwanafunzi aliyeikimbilia kamera bila mipango alikuwa ameshapoteza moja ya tano ya mtihani kabla hajapiga picha hata moja.

Wengi walichagua kutisha, na sababu haikufichika. Hofu haina gharama. Filamu ya vita yataka magari na majeshi. Filamu ya mapenzi yataka waigizaji hodari. Filamu ya kutisha yatosheka na kichaka, kurunzi na nyumba isiyokaliwa. Hata wakubwa wa kazi hiyo walianza hivyo. Katika filamu ya *Halloween* ya mwaka 1978, uso mweupe wa muuaji uliowanyima watu usingizi ulikuwa barakoa ya dukani yenye sura ya mwigizaji William Shatner, iliyopakwa rangi nyeupe. Na katika *Jaws* ya mwaka 1975, papa wa mitambo aliharibika mara kwa mara baharini, ikambidi Steven Spielberg amfiche chini ya maji sehemu kubwa ya filamu. Watazamaji wakamwogopa zaidi kwa kutomwona.

Basi tatizo la kwanza la kimaadili ni kwamba wanafunzi hawa hawana filamu. Wanatangaza kitu ambacho hakipo, hakikuwapo, na hakitakuwapo. Wanapita kiganja kwa kiganja wakigawa mchuzi wa chungu ambacho hakikutelekwa. Je, huo si uongo?

Hapa hatuna budi kutenga mambo mawili. Anayesimulia ngano hasemi uongo, hata akisema sungura alizungumza na simba, kwa maana msikilizaji anajua tangu mwanzo kwamba hii ni ngano. Anayetoa tangazo, kwa upande mwingine, hana ruhusa hiyo. Akisema sabuni yake huondoa madoa, na haiondoi, ameongopa. Kionjo ni kiumbe cha ajabu, kwa kuwa kina damu ya pande zote mbili: kwa mwili ni ngano, kwa kazi ni tangazo. Ndiyo sababu maadili yake ni magumu kuliko ya filamu yenyewe.

Tuutazame mfano mmoja mashuhuri. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitengeneza kionjo cha *Psycho* kilichopita dakika sita. Humo anatembea mwenyewe katika nyumba na hoteli ya filamu hiyo, kama mtembeza wageni, akieleza kwa upole kwamba hapa jambo baya lilitokea. Mwishoni anafika bafuni, pazia linavutwa, na mwanamke anapiga ukelele. Mwanamke huyo ni Vera Miles aliyevaa nywele za bandia. Katika filamu yenyewe anayeuawa bafuni ni Janet Leigh. Je, Hitchcock aliwadanganya watu? Sisi twasema hakuwadanganya kwa maana iliyo nzito. Hakuahidi uso wa mwigizaji fulani. Aliahidi hofu, tena hofu ya bafuni, na aliyelipa kiingilio aliipata hofu hiyo timilifu. Chungu kilikuwapo, na mchuzi ulifanana nacho kwa ladha, japo haukuchotwa humo.

Mwanafunzi hawezi kujitetea hivyo. Hata hivyo hatumhukumu kuwa mwongo, kwa sababu hakuna anayeombwa kiingilio. Ahadi yake ni deni lisilo na mdai. Lakini deni lisilo na mdai lamwachia mtu hatari nyingine, nayo ni uvivu. Ajuaye kwamba hatadaiwa filamu hujiona hahitaji hata kisa. Basi hukusanya vitu vya kutisha: mtoto anacheka gizani, mwanasesere anageuka, damu yatiririka ukutani, mlango wafunguka wenyewe. Kila picha yatisha peke yake, na zote pamoja hazitishi, kwa sababu hakuna mtu ndani yake tunayemhofia. Binadamu huogopa pamoja na mtu mwenzake. Haogopi pamoja na mlango.

Kwa hiyo twapendekeza sharti moja katika hatua ya mipango: kabla ya kamera kutolewa mfukoni, mwanafunzi asimame mbele ya darasa asimulie kisa chote kwa mdomo, tangu mwanzo hadi mwisho, ule mwisho ambao kionjo hakitauonyesha kamwe. Akishindwa kuueleza, hana chungu. Akiweza, chungu kipo, ingawa kipo kichwani mwake. Na hapo kionjo chake kimekuwa cha kweli katika maana pekee inayowezekana kwake. Pamoja na hayo, kwa mwalimu wa lugha, zoezi limerudi nyumbani: masimulizi, wakati na nafsi za vitenzi, uchaguzi wa maneno.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tusiseme hewani. Wanafunzi sita wana simu moja. Kisa chao ni cha msichana atekaye maji alfajiri katika kisima cha zamani nyuma ya nyumba. Kila siku ndoo yake hupanda imepungua maji kidogo, kana kwamba mtu huko chini ameshakunywa. Mama yake humkataza kuchungulia. Mwisho wa kisa ni huu: miaka mingi iliyopita mdogo wake alitumbukia, na mama, kwa kuogopa lawama za ukoo, alisema mtoto amepelekwa kwa bibi. Anayekunywa ni huyo mtoto. Kisa hiki kina hofu kwa sababu kina hatia, na hatia hiyo ina mwenyewe.

Sasa waandike orodha ya picha na kuichora, kila picha katika kisanduku chake: mkono juu ya kamba, ndoo ikishuka, uso wa msichana kutoka ndani ya kisima, kana kwamba anayetazama yuko chini, kiatu kimoja cha mtoto juu ya kabati, mama mlangoni. Sekunde 60 zikigawiwa picha za sekunde mbili mbili ni picha 30 tu, na mwenye kuchora atagundua mapema kwamba 20 zatosha, maana picha ya ndoo ikishuka yahitaji muda mrefu, kamba ikilia. Asiyechora hurudi nyumbani na picha 200 za gizani zisizoonekana kitu.

Katika kuunganisha picha ndipo nguvu kubwa ilipo, na ndipo dhambi ndogo hujificha. Inasimuliwa kwamba Lev Kuleshov, mwalimu wa filamu huko Urusi mnamo miaka ya 1920, aliunganisha uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usio na hisia yoyote, na picha ya bakuli la mchuzi, kisha na maiti jenezani, kisha na mwanamke. Watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na hamu. Uso haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni jirani yake.

Turudi kwa mama wa kisimani. Tuseme wanafunzi wamempiga picha moja tu, akiwa amesimama mlangoni akitazama mbele. Wakiiweka picha hiyo baada ya ndoo, mama ana wasiwasi. Wakiiweka baada ya kiatu cha mtoto, mama ana hatia. Wakiiweka baada ya msichana kuinama kisimani, akiwa amegeuza mgongo, mama ni muuaji. Mwanafunzi akiliona hilo kwa mara ya kwanza hufurahi kama aliyepewa ufunguo wa nyumba ya watu, na ni haki yake kufurahi. Lakini mama huyo mlangoni ni nani? Huenda ni jirani aliyeombwa asimame kidogo, akakubali kwa ukarimu akiwa bado na mwiko mkononi. Hakuambiwa atakuwa muuaji. Uso wake umetiwa maneno ambayo hakuyasema. Kwa maoni yetu, kila aliyekopesha uso wake aonyeshwe kazi iliyokamilika kabla ya mwingine yeyote, na akisema hapana, picha itolewe, hata kama ndiyo bora kuliko zote. Wanafunzi watalalamika. Na walalamike, mhariri wa gazeti pia hulalamika.

Tumekwisha kulisema jambo la kisa na la uso. Lililo zito zaidi ni idhini ya mtazamaji.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Msimulizi alisema "Paukwa!" na wasikilizaji wakajibu "Pakawa!" Wengine walisema "Hadithi, hadithi!" wakajibiwa "Hadithi njoo!" Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba huu ni mwanzo wa kimapokeo, nao hukariri hivyo kwenye mtihani. Ni zaidi ya hivyo. Ni mkataba. Msimulizi anabisha hodi, na msikilizaji anafungua mlango. Baada ya hapo zimwi anaweza kuingia na kumeza kijiji kizima, na mtoto akajifunika shuka kwa hofu, lakini hakuna aliyeonewa. Ndiyo sababu hatukubaliani na wenzetu wasemao kwamba filamu ya kutisha haifai shuleni kabisa. Anayesema hivyo na awafukuze kwanza mazimwi wote katika fasihi simulizi, aone atabaki na nini. Hata filamu ya Kiswahili imekwisha kupita njia hiyo: Mussa Banzi, wa Tanzania, alitengeneza katika miaka ya 2000 filamu za kutisha kama *Nsyuka* na *Shumileta*, na wanunuzi walizitafuta kwa hiari yao.

Lakini kionjo hakibishi hodi. Mtu amekwenda sinema kutazama kichekesho pamoja na watoto wake; kabla ya kichekesho, anarushiwa kionjo. Bodi ya uainishaji wa filamu ya Uingereza, BBFC, huviainisha vionjo mbali na filamu zake, na sababu inayoitoa ndiyo hoja yetu: mtazamaji huchagua filamu, lakini hachagui vionjo vinavyotangulia, tena kionjo ni kifupi mno hata jambo zito halipati maelezo ya kulihalalisha. Basi lile ambalo filamu yaweza kulionyesha, kionjo chake huenda kisiruhusiwe.

Sasa hofu isiyobisha hodi hufanya nini? Mwaka 1999 ilitoka *The Blair Witch Project*, filamu ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, iliyotengenezwa kwa fedha chache na kuingiza takriban dola milioni 250. Kabla ya filamu kutoka, mtandao wake ulieleza kwamba wanafunzi watatu walipotea kweli katika msitu wa Maryland mwaka 1994, na matangazo ya kutafuta waliopotea yakabandikwa. Waigizaji walitumia majina yao halisi. Watu wengi waliamini, hata mama wa mwigizaji Heather Donahue akapokea kadi za rambirambi kwa binti aliyekuwa hai. Kibiashara lilikuwa tendo la werevu mkubwa. Kimaadili, mama huyo hakuitikia "Pakawa", wala hawakuitikia wale waliomhurumia.

Yaliyotokea Zanzibar mwaka 1995 hayakuwa filamu wala biashara, na ndiyo maana yatufundisha zaidi. Habari za Popobawa zilienea kutoka Pemba hadi Unguja, nyumba kwa nyumba, watu wakalala nje makundi makundi. Katika hofu hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa mjini Zanzibar na watu waliomdhania kuwa ndiye Popobawa. Masimulizi yale hayakuwa na mwanzo wala mwisho wa ngano. Kila aliyeyapokea aliyapokea kama habari. Wakati huo habari zilikwenda kwa miguu na kwa redio. Leo kipande cha sekunde 20, cha kiumbe cheusi kikipanda kutoka kisimani, kikikatwa na kupelekwa kwa simu, chafika mji mwingine kabla mwanafunzi aliyekitengeneza hajamaliza kufurahi. Kule kinakofika hakuna ajuaye kwamba ni kazi ya darasa.

Kwa hiyo idhini haiwezi kuombwa nje ya kionjo. Ni lazima ishonwe ndani yake, na hili ni jambo la uhariri. Desturi ni kuweka jina la filamu mwishoni. Sisi twasema liwekwe mwanzoni pia, pamoja na maneno ya kueleza kwamba ni kazi ya wanafunzi, na picha itishayo kuliko zote isisimame peke yake kiasi kwamba mtu aweza kuikata ikabaki kama ushahidi wa jambo lililotokea: maandishi na yapite juu yake, au ikatwe fupi sana.

Nyenzo kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni muziki. Tazama tukio la bafuni katika *Psycho*. Kisu kinapoanza kazi, zinalia fidla za Bernard Herrmann kama ndege waliojeruhiwa. Hitchcock mwanzoni alitaka tukio hilo lisiwe na muziki, kisha akashawishika. Husemwa kwamba fidla huongeza hofu, na ni kweli. Lakini hufanya na kazi ya pili ambayo haisemwi: humkumbusha mtazamaji kwamba hii ni hadithi, kwa kuwa duniani hakuna mauaji yanayosindikizwa na fidla. Muziki ni "Paukwa" inayosemwa tena na tena chini ya picha. Filamu ya msitu wa Maryland, iliyotaka kuaminiwa, haikuwa na muziki wa namna hiyo kusindikiza matukio yake. Mwanafunzi anayeondoa muziki ili kazi yake ionekane kama video ya kweli na aelezwe kwamba ameondoa mlango, na aulizwe anataka nani aingie bila kuujua.

Idhini yahusu hata wapita njia siku ya kupiga picha. Katika vijiji vyetu na mitaa yetu mingi, yowe halina mmoja anayelimiliki. Likipigwa, jirani huacha chakula akatoka na kurunzi, kwa sababu kesho huenda likapigwa la kwake. Msichana akipiga yowe kisimani saa moja usiku mara nne, kwa kuwa mara tatu za kwanza hazikumridhisha mpiga picha, amewatoa watu ndani bure. Na siku ya yowe la kweli watasema ni wale watoto wa filamu. Mjumbe wa mtaa na majirani waarifiwe mapema, au yowe lirekodiwe darasani mchana na kuunganishwa na picha baadaye. Njia ya pili ni bora hata kwa sauti, maana simu ikiwa mbali hunasa upepo kuliko mtu. Hata damu ya *Psycho* ilikuwa sharubati ya chokoleti. Hakuna haja ya kutumia kitu halisi pale cha bandia kinapofaa.

Jambo la nne laumiza, nasi hatutalizunguka. Uovu katika kionjo hupewa uso upesi, kwa kuwa muda hautoshi kuueleza. Mwanafunzi huchukua basi uso ambao jamii imekwisha kuuogopa: bibi kizee mwenye macho mekundu, mtu mwenye kichaa, mtu mwenye ualbino, mganga mwenye vibuyu. Waingereza waliliona hili kwao mwaka 2013, maduka ya Asda na Tesco yalipolazimika kuondoa sokoni mavazi ya Halloween yaliyowafanya wagonjwa wa akili kuwa vitisho. Kwao ilikuwa ni heshima iliyovunjwa. Katika nchi zetu ni zaidi ya heshima. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa Tanzania, Burundi na kwingineko kwa ajili ya imani za ushirikina. Wanawake wazee wameuawa Usukumani kwa kudhaniwa wachawi. Na katika miji ya Kongo watoto wamefukuzwa majumbani kwa tuhuma hiyohiyo. Mwanafunzi anayempaka mwenzake unga usoni ili awe zimwi hakusudii mabaya. Lakini picha yake haimgeuzi mtazamaji; inamthibitishia. Alichokiamini gizani sasa amekiona kwa macho. Hapa twaona mwalimu ana haki ya kukataa waziwazi, bila kuzunguka na neno la ushauri. Barakoa nyeupe ya *Halloween* haikufanana na mtu yeyote wa mtaani, na ilitisha vilevile.

Limebaki panga. Katika filamu za kutisha za Marekani silaha yenye makali ni kama kipaza sauti kwa mwimbaji, haikosekani. Mtazamaji wa London au Chicago hulitazama panga kwenye skrini kama kitu cha sinema. Lakini jarida letu lasomwa Kigali, Bujumbura, Bukavu na Goma. Nchini Rwanda, mwaka 1994, katika muda wa siku takriban 100, yalitendeka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na panga lilikuwa miongoni mwa silaha zake. Mwanafunzi aliyezaliwa miaka mingi baadaye aweza kulishika panga mbele ya kamera akicheka. Mama yake akiletewa kionjo hicho sebuleni, haoni sinema. Hakuna "Pakawa" ambayo aweza kuitikia, kwa sababu kinachokuja si hadithi iliyoitwa. Ni jambo ambalo halikuondoka.

Tumewahi kuulizwa na walimu wenzetu kama basi panga lipigwe marufuku katika kazi zote za wanafunzi. Hatufiki huko, kwa maana yuko mwanafunzi mwingine, asiyelitaka panga kwa mchezo. Amelisikia nyumbani tangu utotoni, katika vile ambavyo wakubwa huacha kusema anapoingia chumbani, na sasa anataka kulisema. Huyo hatumpi jibu lilelile. Twamwambia tu kwamba kionjo si chombo chake. Kionjo huonyesha kidogo na kuficha kingi ili mtu aje alipe kuona kilichofichwa, na yeye hana cha kuficha kwa ajili ya kiingilio. Yeye hakosi chungu. Apewe daftari na muhula mzima, na mwalimu atakayesoma kila ukurasa kabla haujasomwa mbele ya darasa. Na wazazi wake waulizwe kwanza. Wale sita wa kisimani na waendelee na ndoo yao. Hawahitaji panga, wana kamba, na kiatu kimoja juu ya kabati.